Sura ya Sita: Skrini Moja kwa Ploti Nzima

Mwisho wa mwaka 2025 kampuni ya Paramount ilizima chaneli kadhaa za MTV nchini Uingereza zilizokuwa zikionyesha video za muziki mchana na usiku. Walioipenda MTV waliomboleza, ingawa MTV yenyewe, iliyoanza New York tarehe 1 Agosti 1981, ilikuwa imeshaupa muziki kisogo miaka mingi kabla ya hapo, ikajaza saa zake kwa vipindi vya maisha ya watu na vituko vyao. Waliokua Nairobi katika miaka ya 1990 na 2000 wana maombolezo kama hayo, ila yao yana majina mengine: The Beat ya NTV, Straight Up ya KTN, Mseto East Africa ya Citizen, na Channel O kwa wachache waliokuwa na dishi. Watakuambia kwamba video za siku hizo zilikuwa na maana, kwamba mtu alizisubiri, kwamba leo zimekuwa nyingi hata hazikumbukwi. Sura hii inayachukua maombolezo hayo kwa uzito na kuyapeleka Gatwekera, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Kibera karibu na Olympic, ambako dishi lilikuwa nadra na televisheni yenyewe ilikuwa mali ya mmoja iliyotazamwa na wengi. Nitadai kwamba kinachokosekana leo si chaneli wala ubora wa video. Ni mkutano wa watazamaji, na mkutano huo uliundwa na majirani kwa sababu ya uhaba. Uhaba huohuo ndio uliowafungia wanamuziki wengi mlango. Anayetamani kuurudisha mkutano bila kuutaja mlango anasimulia nusu ya hadithi.

Tuanze na hewani. Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1962 chini ya shirika lililokuja kuitwa Sauti ya Kenya, na kwa karibu miongo mitatu ilikuwa peke yake. Muziki ulikuwepo, lakini zaidi ulikuwa wa kwaya zilizopangwa mistari, bendi zilizorekodiwa studioni na ngoma za sikukuu za kitaifa. KTN ilipofungua mitambo Nairobi mwaka 1990, ikiwa kituo cha kwanza cha binafsi, Wakenya wa mjini walianza kuona burudani ya nje kwa wingi bila kulipa ada ya kila mwezi. Mwisho wa muongo huo milango ilifunguka zaidi: Nation TV na Citizen zote zilianza mwaka 1999. Nje ya Kenya nako mambo yalikuwa yakienda kasi. Channel O ilizinduliwa Afrika Kusini mwaka 1997, na MTV Base ikaanza kurusha matangazo Afrika mwezi Februari 2005. Kalamashaka wa Dandora, Nameless, Wahu, Amani na vijana wa lebo ya Ogopa walijulikana na watu ambao hawajawahi kufika Nairobi kwa sababu kulikuwa na chaneli za kuwabeba. Wahu alichukua tuzo ya mwanamuziki bora wa kike katika Tuzo za Muziki Afrika za MTV zilipofanyika kwa mara ya kwanza Abuja mwaka 2008. Mwaka uliofuata tuzo zenyewe zikaletwa Kasarani, na Nameless na Amani wakashinda nyumbani.

Hiyo ndiyo historia inayosimuliwa mara nyingi, na ni ya kweli. Kasoro yake ni kwamba imeandikwa kutoka upande wa mtangazaji. Inatuambia nani alirusha nini na mwaka gani, haituambii nani alikuwa amekaa wapi akitazama. Channel O na MTV Base zilipitia huduma za kulipia, na familia iliyopanga chumba cha futi kumi kwa kumi Gatwekera haikuwa mteja aliyelengwa na huduma hizo. Kilichofika kule ni kile kilichoweza kunaswa na antena iliyofungwa kwenye mti mrefu juu ya bati, na hata hicho kilihitaji stima. Kwa miaka mingi stima ya vijiji vya Kibera ilikuwa ya kuunganishiwa na jirani kwa malipo ya mwezi, ikikatika mafundi wa kampuni ya umeme walipokuja kung'oa nyaya. Waliokosa hata hiyo waliendesha televisheni kwa betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa. Katika mitaa kama hii televisheni iliyojulikana zaidi ilikuwa Greatwall ya inchi 14, nyingi zikiwa nyeusi na nyeupe. Hili lina uzito wake katika hoja yetu. Video ambazo leo zinasifiwa kwa rangi zake, magari yake na mavazi yake, watazamaji wengi waliziona kwanza bila rangi, kwenye skrini ndogo, picha ikiwa na chenga. Kama kumbukumbu yao ni tamu, utamu huo haukutoka kwenye picha.

Basi ulitoka wapi? Tazama namna skrini zilivyogawanywa. Ploti moja yenye vyumba kumi au zaidi ingekuwa na televisheni moja au mbili, na mwenye nayo asingeweza kujifungia nayo bila kuonekana mchoyo. Watoto walikaa sakafuni, vijana mlangoni, wengine walichungulia dirishani. Nje ya ploti kulikuwa na vibanda vya video, vyumba vya mabati vyenye mabenchi na pazia zito, ambako kwa kiingilio kidogo mtu aliona filamu au mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, na nyimbo zilijaza muda kabla na baada. Kulikuwa na kinyozi, ambaye skrini yake ukutani ilikuwa sehemu ya huduma kama mashine yenyewe, hata waliokuwa hawanyolewi walikaa. Na kulikuwa na matatu. Katika njia za Nairobi gari lisilo na muziki lilikosa abiria vijana, na wenye nganya, yaani matatu zilizopambwa, walipoanza kufunga skrini, safari ya kwenda mjini ikawa kipindi cha video kilichopangwa na dijei badala ya kituo. Katika kila mojawapo ya sehemu hizi kuna jambo moja lisilobadilika: mtazamaji hakuchagua kinachofuata. Alitazama alichowekewa, pamoja na watu ambao hakuwachagua.

Kutochagua huko kulizaa vitu vitatu ambavyo ndivyo hasa vinavyokumbukwa. Cha kwanza ni wakati wa pamoja. Kipindi kilikuja saa fulani ya siku fulani, na wimbo ukishapita umepita, kwa hiyo kesho yake shuleni, bombani na kwenye jua kali watu walikuwa na jambo moja la kujadili, na aliyekosa alisimuliwa. Cha pili ni ubishi. Huwezi kubishana juu ya mdundo wa wimbo, ushonaji wa jaketi au mtindo wa kucheza na mtu ambaye hajauona, na huwezi kujua kama unaujua mtindo huo mpaka uucheze mbele ya waliouona. Cha tatu, na ndicho kinachosahaulika haraka, ni kuvumilia ladha ya mwingine. Mama aliyesubiri kwaya alipitia muziki wa genge wa Jua Cali na Nonini, na kijana aliyesubiri genge alipitia kwaya. Hakuna kati yao aliyependa alichovumilia, lakini kila mmoja alijua mwenzake anapenda nini. Kwa kijiji ambacho watu wake walitoka pande nyingi za nchi, wengi wakiwa Waluo pamoja na Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, ujuzi wa namna hiyo si kitu kidogo.

Sasa tuje kwenye mlango. Skrini zilikuwa chache, na muda wa hewani ulikuwa mchache zaidi. Kipindi cha saa moja, ukitoa matangazo ya biashara na maneno ya mtangazaji, kinabeba video kumi na kidogo. Mtu mmoja au wawili ofisini ndio walioamua zipi. Kigezo kilichotajwa mara nyingi kilikuwa ubora wa picha: video iliyopigwa kwa kamera dhaifu, yenye mwanga mbovu, ilirudishwa. Kigezo hicho kina mantiki yake, lakini matokeo yake yalikuwa kupima mfuko wa msanii kabla ya kupima wimbo wake. Kupiga video iliyokubalika kulihitaji kamera, mhariri, gari la kukodi na nyumba ya kupendeza ya kuazima, na ndiyo maana video nyingi za enzi hiyo zinafanana: bwawa la kuogelea, gari jeusi, sebule pana. Msanii wa Gatwekera aliyetaka kuonekana Gatwekera ilimbidi kwanza aonekane kana kwamba hatoki Gatwekera. Wanamuziki walilalamika pia juu ya kuombwa chochote ili video zao zichezwe, na juu ya nyimbo za Marekani, Jamaika na Nigeria kupewa nafasi kuliko zao. Malalamiko hayo yaliishi kuliko vipindi vyenyewe: Novemba 2021 mchekeshaji Eric Omondi alikamatwa nje ya Bunge akidai asilimia 75 ya muziki unaochezwa Kenya uwe wa Wakenya.

Mlango huo uliwafungia hata watu ambao muziki wao ulikuwa ukichezwa Gatwekera kila siku. Hiki ni kijiji chenye Waluo wengi, na muziki wake wa nyumbani ni benga na ohangla. Muziki huo ulikuwa na video zake, nyingi mno, zilizotengenezwa na kusambazwa kutoka maduka na studio za River Road zikiwa kwenye VCD. Tony Nyadundo na wachezaji wa ohangla wa kizazi chake walitazamwa katika vibanda, baa na vyumba vya Kibera pengine kuliko mastaa wa vipindi vya Jumamosi, lakini ni nadra kuwakuta katika kumbukumbu rasmi za "enzi ya dhahabu ya video za Kenya". Mtu anaweza kujibu kwamba Kidholuo hakikuzuiliwa hewani, na ni kweli: Poxi Presha alirap kwa Kidholuo katika miaka ya 1990, na Gidi Gidi Maji Maji wakakifikisha kila pembe ya nchi. Lakini hao walipita kwa sababu walikifunga Kidholuo ndani ya midundo ambayo mwenye kipindi aliitambua kuwa ya vijana wa mjini. Ohangla yenye orutu na ngoma, iliyopigwa picha uani kwa mtu au kando ya ziwa, ilionekana kuwa bidhaa ya soko lingine. Kwa hiyo tunapouliza watu wa Gatwekera walitazama nini, jibu la ratiba za vituo ni nusu tu. Nusu ya pili iliuzwa kwenye karatasi za plastiki kando ya barabara.

Jambo hili linaipa nguvu hoja ya mkutano. VCD za River Road hazikuwa na kituo, mtangazaji wala saa maalumu, na bado zilikusanya watu kama vipindi vya televisheni. DVD za madijei zilifanya vivyo hivyo, zikachanganya dancehall, genge, Bongo Fleva na nyimbo za injili katika mkondo mmoja ambao makanga, kinyozi na mwenye muvi shop waliununua na kuunakili. Baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye flash, mteja akileta yake ajaziwe. Ikiwa mkutano ungekuwa zao la kituo cha televisheni, usingetokea pale ambapo kituo hakipo. Ulitokea kwa sababu mashine moja ilikuwa kati ya watu wengi, na kwa sababu mwenye mashine, awe kinyozi au jirani, alikuwa na faida ya kuwaweka watu karibu, ya fedha au ya heshima. Waliosema vyaelea vimeundwa walijua: waundaji wa meli hii walikuwa majirani, na kituo kilikuwa upepo tu.

Kilichouvunja mkutano hakikuja kwa siku moja. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitia nanga Mombasa na bei ya intaneti ikaanza kushuka. Mwaka 2011 YouTube ikafungua ukurasa wake wa Kenya. Wasanii waligundua kwamba mlango una njia ya kuuzunguka kabla watazamaji hawajagundua. Sauti Sol walipotoa Nishike mwanzoni mwa 2014, vituo viliikataa kwa sababu ya utupu, na kukataliwa huko kukaisaidia kutafutwa mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka huohuo kundi hilo likatwaa tuzo ya MTV ya Ulaya kwa wasanii wa Afrika. Mwaka 2016 bodi ya filamu ilipotaka video ya Same Love ya Art Attack iondolewe YouTube, Google haikuiondoa. Katikati ya matukio hayo kuna tukio ambalo wanahistoria wa muziki hawalitaji vya kutosha. Tarehe 14 Februari 2015 mitambo ya analogi ilizimwa, na NTV, KTN, Citizen na QTV, zikiwa kwenye mgogoro na mamlaka ya mawasiliano, zikanyamaza kwa takriban wiki tatu. Ziliporudi, Greatwall na ndugu zake hazikuweza kuzipata bila kisanduku cha kidijitali. Kwa nyumba ya Gatwekera hiyo ilikuwa gharama mpya juu ya kitu kilichokuwa bure, na kwa wengi fedha hizohizo zilitosha kununua simu ndogo yenye intaneti.

Waliofika baada ya hapo hawakuhitaji mlango wowote. Ethic walipotoa Lamba Lolo mwaka 2018, na Sailors wakafuata na Wamlambez mwaka 2019, aina yao ya muziki, gengetone, ilikuwa imeshazaliwa, kukua na kufika kila nganya kabla wahariri wa vipindi hawajaamua waifanye nini. Video zake zilipigwa mitaani, ngazini, kwenye korido za majengo ya kupanga, na wahusika wake walivaa walivyovaa siku zote. Bodi ya filamu iliposema nyimbo za aina hiyo zibaki kwenye baa na vilabu, ilikuwa inazungumza na mlango ambao watu walikuwa wameshaacha kuutumia. Kibera yenyewe ilipata sura yake. Octopizzo, mzaliwa wa Kibera ambaye jina lake linatokana na namba 8 ya matatu za mtaa huo, alikuwa ameonyesha kwamba mtu anaweza kulitaja jina la mtaa badala ya kulificha, na waliomfuata hawakuhitaji kuazima sebule ya mtu. Kwa kipimo hiki, mabadiliko yameleta haki ambayo enzi ya televisheni haikuileta, na yeyote anayesema mambo yalikuwa bora zamani lazima aanze kwa kukiri hivyo.

Hapa kuna pingamizi la kwanza, tena zito: kwamba haya yote ni ujana unaolia. Kila kizazi huona muziki wa miaka yake kumi na mitano kuwa ndio muziki, na kama kingekulia kwenye gramafoni kingeililia gramafoni. Nakubali kwamba sehemu ya tamaa hii ni umri. Lakini umri haufafanui kwa nini tamaa inachagua vitu fulani na kuviacha vingine. Hakuna anayetamani kupanda juu ya bati kuzungusha antena, wala kubeba betri ya gari kwenda kuchaji. Nyimbo zenyewe hazijapotea, nyingi ziko YouTube na zinaweza kuchezwa saa yoyote, kwa rangi na kwa sauti safi kuliko mwanzo. Kama kilio kingekuwa cha nyimbo, kingeishia hapo. Kinaendelea kwa sababu mtu anaweza kuucheza wimbo wa 2003 peke yake chumbani na bado akahisi kuna kitu kimebaki nje. Kilichobaki nje ni wale wengine.

Pingamizi la pili linasema mkutano haujafa, umehama. Mtindo wa kucheza ukitoka leo unaenea TikTok kwa siku mbili, na wasichana wa Gatwekera wanaucheza kando ya reli sawa na wenzao wa Dar es Salaam na Kampala. Diamond Platnumz ametazamwa YouTube zaidi ya mara bilioni moja, idadi ambayo kituo chochote cha Afrika Mashariki kisingeiota. Ni kweli, na ni mkutano mkubwa kuliko wowote uliotangulia. Lakini tofauti yake na ule wa ploti ni kubwa. Mkutano wa simu unakukutanisha na wanaofanana nawe: programu inasoma ulichopenda jana ikuletee ndugu yake leo. Mama wa kwaya na kijana wa genge sasa wamekaa chumba kimoja, kila mmoja na skrini yake, na kila mmoja ana umati wake mtandaoni, lakini hawajui tena mwenzake anatazama nini. Umati umepanuka kwa upande mmoja na kusinyaa kwa mwingine. Tunacheza mtindo mmoja na watu wa mbali ambao hatutakutana nao, na hatujui wimbo anaoupenda mtu tunayegawana naye ukuta.

Pingamizi la tatu ndilo linalonitia shaka zaidi: kwamba kuusifu mkutano uliotokana na uhaba ni kuupamba umaskini. Watu hawakujazana kwenye chumba kimoja kwa sababu ya undugu, walijazana kwa sababu hawakuwa na chao, na walipopata chao walikwenda. Ongeza kwamba mkutano wenyewe haukuwa wa wote. Vibanda vya video vilikuwa vya wavulana na wanaume. Msichana aliyeonekana humo usiku alisemwa, na njia ya kurudi nyumbani gizani ilikuwa na hatari zake. Saa ambayo vipindi vilirushwa mara nyingi ilikuwa saa ya kuteka maji, kupika na kulaza watoto. Ni haki kushuku kwamba wengi wanaoililia enzi hiyo kwa sauti kubwa ni wanaume, na kwamba kwa dada zao simu ya mkononi ilikuwa mara ya kwanza kutazama video nzima bila kutumwa. Sina jibu la kuliondoa pingamizi hili, na sidhani linafaa kuondolewa. Linatulazimisha kusema kwa usahihi tunachotaka kukitunza. Uhaba hautakiwi na mtu. Kinachotakiwa ni kutazama pamoja, na hilo linaweza kufanywa na watu wenye simu zao mfukoni, wake kwa waume, ikiwa kuna mahali na kuna sababu.

Kuna pia hesabu ya fedha ambayo mijadala ya zamani na sasa huiruka. Katika enzi ya televisheni ya bure, mwenye seti alibeba gharama na majirani walitazama. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu kaya nne kati ya kila kumi nchini zilikuwa na televisheni, kumaanisha kwamba hata wakati huo wengi walikuwa bado wanategemea ya mwingine. Simu imegeuza utaratibu huo. Sasa kila mtazamaji hulipia kila dakika anayotazama kwa kununua bando, na video ni mlaji mkubwa wa bando kuliko karibu kitu kingine chochote ambacho mtu wa kawaida hufanya kwa simu. Ndiyo maana biashara ya kujaza flash haikufa mara moja intaneti ilipofika, na ndiyo maana huduma za Wi-Fi ya bei nafuu, kama ya Poa Internet katika Kibera na Kawangware, zimekuwa na maana ya kiutamaduni pamoja na ya kibiashara. Kitu kilichoitwa uhuru wa kuchagua kimekuja na mita. Anayetazama peke yake analipa peke yake, na msanii wa Gatwekera anayetegemea watazamaji wa mtaani kwake anategemea watu wanaohesabu megabaiti.

Na kuna suala la kuhifadhi. Tunazungumza kana kwamba YouTube imeyahifadhi yote, lakini imehifadhi kilichopakiwa. Video za Ogopa na za wasanii waliofanikiwa ziko kwa sababu kuna mtu aliyekuwa na faida ya kuzipakia. Mamia ya VCD za ohangla, benga na nyimbo za injili zilizotazamwa Kibera hazina wa kuzipakia kwa uangalifu, na VCD hukwaruzika, hufifia, hutupwa. Mahojiano ya studioni, makosa ya watangazaji, salamu za watazamaji, mpangilio wenyewe wa kipindi, yaani vile vitu vilivyoifanya televisheni iwe televisheni, vilirekodiwa kwenye kanda ambazo vituo vingi havikuwa na sababu ya kuzitunza. Kwa hiyo kumbukumbu ya enzi hiyo inaendelea kuchujwa na mlango uleule wa zamani: aliyepita wakati ule anakumbukwa sasa, aliyekataliwa wakati ule anasahaulika mara ya pili. Kuomboleza kwa namna hii kunaongeza dhuluma ilhali kunadhani kunaifanyia haki historia.

Basi nini kifanyike, kama hoja hii ni sahihi? Kwanza, tuache kuidai televisheni irudishe kitu ambacho haikukitengeneza. Hata NTV ikiirudisha The Beat kesho kama ilivyokuwa, itatazamwa na mtu mmoja mmoja kwenye simu, vipande vipande, siku mbili baadaye. Pili, tuzitazame skrini za pamoja zilizobaki, yaani kinyozi, kibanda cha mpira, matatu na ukumbi wa kanisa au shirika la kijamii, kama taasisi za utamaduni zinazostahili kuheshimiwa na sheria za leseni na haki miliki. Mwenye kibanda anayeonyesha video za wasanii wa mtaa wake saa ambayo wasichana wanaweza kuja na kurudi salama anafanya kazi ambayo hakuna programu ya simu inayoifanya. Tatu, wanaotaka kuhifadhi waanzie River Road na vijijini Kibera kabla ya kwenda kwenye makabati ya vituo, kwa sababu kilicho hatarini zaidi ni kile ambacho hakikuwahi kurushwa. Enzi ya skrini moja ilikuwa na kasoro mbili zilizofungamana, umati wa kulazimishwa na mlango mwembamba. Mlango sasa umepanuliwa, na hakuna mwanamuziki wa Gatwekera anayepaswa kukubali ufungwe tena ili wengine wafurahie kumbukumbu zao. Kazi iliyobaki ni ya majirani, kama ilivyokuwa mwanzo: kuamua kukaa pamoja mbele ya skrini ingawa hakuna tena kinachowalazimisha.